Si Wingi wa Mapezi, ni Nafasi ya Hewa



Katika kurasa za jarida hili tumezoea kujadili nidhamu, dawa za kulevya, mahari, na ule mjadala usiokwisha wa nani bora kati ya mkulima na mwalimu. Yote hayo ni mazuri. Hata hivyo, mwaka huu nimeomba nafasi nizungumzie kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukitia machoni, ingawa tunakaa karibu nacho kila tunapoingia katika chumba cha tarakilishi. Ni kile kipande cha metali chenye meno meno kinachokaa juu ya chipu ya tarakilishi ili kuipoza. Kitu hicho nitakiita kipozajoto, na meno yake nitayaita mapezi, kwa kuwa yamesimama safu safu kama mapezi ya mgongoni mwa samaki.

Najua yuko atakayeruka na kusema, "Aka! Hayo ni ya mwalimu wa fizikia. Kiswahili kinaingilia wapi?" Nami namjibu hivi: lugha ikiachiwa hadithi za sungura na fisi peke yake, hudumaa. Ikiwa Kiswahili kinaweza kueleza vina na mizani ya shairi, basi kinaweza pia kueleza kwa nini tarakilishi hupata homa.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane. Kipozajoto bora si kile chenye mapezi mengi kupindukia, wala marefu kupindukia. Bora ni kile ambacho mapezi yake yamepangwa kulingana na hewa itakayopita kati yake. Na kwa kuwa hewa yetu hapa Kenya si ile ya ofisi zenye viyoyozi, inatupasa sisi wenyewe tuyajue mapezi hayo, tuyasafishe, na hatimaye tuyabuni.

Tuanze na shina la jambo lenyewe. Chipu ni kipande kidogo cha silikoni kilichojaa transista, na idadi ya transista hizo katika chipu za leo huhesabiwa kwa mabilioni. Kila transista inapowaka na kuzima hutumia umeme kidogo mno, na umeme huo mwishowe hugeuka joto. Ni kidogo, lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Chipu ya tarakilishi ya kawaida ya mezani inaweza kutoa joto la wati 65. Utasema, "Wati 65 ni nini? Si kama balbu tu ya zamani!" Ngoja kwanza. Chukua pasi ya umeme ya wati 1,000 ambayo uso wake una sentimita za mraba 200 hivi. Ukigawanya, kila sentimita ya mraba ya pasi hiyo inatoa wati 5. Sasa chukua chipu ya wati 65 yenye uso wa sentimita za mraba 1.5 tu. Kila sentimita yake inatoa wati zaidi ya 40. Jamani, hiyo ni mara nane ya pasi! Tofauti ni kwamba pasi tunataka iwe moto, ilhali chipu ikizidi nyuzijoto 100 hivi huanza kuhangaika.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1980 prosesa kama Intel 386 ilitumia wati chache tu na haikuhitaji kipozajoto. Pentium ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1993, ilifika wati 15 hivi, na kipozajoto kikawa si anasa tena. Kufikia mwaka wa 2004 baadhi ya prosesa za Pentium 4 zilikuwa zimepita wati 100. Mwaka huo huo kampuni ya Intel iliifuta prosesa iliyokuwa ifuate, joto likiwa mojawapo ya sababu kuu, ikageukia kuweka prosesa mbili katika chipu moja badala ya kuongeza kasi ya moja. Leo chipu kubwa za kufanyia kazi za akili bandia, mfano H100 ya Nvidia iliyotangazwa mwaka wa 2022, hufika wati 700. Kwa hivyo, yeyote anayedhani kwamba kuendelea kwa tarakilishi ni suala la transista peke yake, amesahau kuuliza joto linakwenda wapi.

Basi joto linakwenda wapi? Nyanya yangu akiletewa chai ya moto huimimina katika kisahani, akaipuliza mara mbili tatu, kisha akainywa. Hajasoma fizikia, lakini afanyalo ndilo hasa mhandisi afanyalo. Kwanza anatandaza chai ili uso wake uwe mpana. Pili anasukuma hewa juu ya uso huo. Joto linaloondoka hutegemea mambo matatu: upana wa uso, mwendo wa hewa, na tofauti ya joto kati ya uso na hewa yenyewe. Kipozajoto ni kisahani cha chipu, na feni ndiyo pumzi ya nyanya.

Hebu tufanye hesabu ndogo, maana maoni bila hesabu ni porojo. Kwa feni ya kawaida, tuseme kila mita ya mraba ya uso huondoa wati 40 kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti. Tukitaka kuondoa wati 65, na mapezi yasizidi joto la hewa kwa zaidi ya nyuzijoto 40, tunahitaji uso wa sentimita za mraba 400 hivi. Hizo ni kama thuluthi mbili za karatasi ya A4. Lakini kifuniko cha chipu kina upana wa sentimita 4 kwa 4, yaani sentimita za mraba 16 pekee! Tutazipata wapi hizo nyingine? Tunafanya alivyofanya mshonaji wa sketi za shule: tunakunja marinda. Pezi moja lenye urefu wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 3 lina nyuso mbili, kwa hivyo linatupa sentimita za mraba 48. Mapezi tisa ya namna hiyo yanatupa 432. Tumeipata karatasi yetu, na yote imekaa mahali pa kiganja.

Kama bado huamini, toka nje ya lango la shule uitazame bodaboda. Injini yake imezungukwa na mapezi ya alumini yaliyo wazi kwa upepo. Tazama pia nyuma ya amplifaya ya matatu, au ubavuni mwa kile kisanduku kinachobadilisha umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani. Na ukienda Tsavo utamwona ndovu akipunga masikio yake mapana yenye mishipa mingi ya damu. Naye anapunguza joto kwa njia iyo hiyo.

Hapa sasa ndipo watu wengi wanapopotea. Wakisikia kuwa uso mpana hupoza, wanakata shauri kwamba mapezi yakiwa mengi zaidi na marefu zaidi basi mambo yatakuwa mazuri zaidi. La, hasha! Mtaka yote hukosa yote.

Tuchukue urefu kwanza. Joto hupanda katika pezi kutoka shinani kuelekea nchani, na likiwa njiani huendelea kutoroka hewani. Kwa sababu hiyo ncha ya pezi huwa baridi kuliko shina lake, na mahali palipo baridi hapana joto jingi la kutoa. Nilipiga hesabu ya pezi la alumini lenye unene wa milimita 1 na hewa ya feni ile ile niliyoitaja. Kimo kikiwa sentimita 3, pezi hufanya kazi kwa karibu asilimia 90 ya uwezo wake. Ukiongeza kimo mara mbili hadi sentimita 6, hupati upozaji mara mbili. Unapata mara moja na nusu hivi. Ukiongeza hadi sentimita 12, yaani metali mara nne, upozaji haufiki hata mara mbili ya ule wa kwanza. Umelipa pesa, umebeba mzigo, na sehemu kubwa ya pezi imesimama pale kama mlinzi aliyelala.

Tuje sasa kwenye wingi, ambao ndio moyo wa hoja yangu. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu saba kuliko hewa. Maana yake ni kwamba msongamano hauko katika metali, uko katika hewa. Hewa iliyogusana na pezi hushikwa, ikatambaa polepole, ikawa kama shuka nyembamba iliyolivaa pezi. Kila pezi lina shuka yake upande huu na upande huu. Mapezi yakikaribiana mno, shuka hizo hukutana katikati na njia ikaziba. Mnajua bwalo letu kengele ya chakula cha mchana inapolia: watu mia wakijisukuma mlangoni kwa pamoja, wanaopita ni wachache kuliko wangepita kwa foleni. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Ukiinyima nafasi, haipiti. Itazunguka nje ya mapezi ikatafute njia nyepesi.

Jambo hili si jipya. Mwaka wa 1942, huko Uholanzi, mtafiti aitwaye Elenbaas alichapisha kazi yake juu ya jinsi bapa mbili zilizosimama sambamba zinavyopoa bila feni. Mwaka wa 1984, Bar-Cohen na Rohsenow wakaitumia njia hiyo kutoa kanuni ya nafasi bora kati ya bapa na bapa. Kanuni yao inasema kwamba mapezi yenye urefu wa sentimita 10 kwenda juu, yakiwa na joto la nyuzi 40 juu ya hewa na bila feni, yanahitaji nafasi ya milimita 6 au 7 hivi. Penye feni nafasi yaweza kupunguzwa hadi milimita 2 au 3, kwa sababu hewa inalazimishwa kupita. Kwa hivyo mtu akikuuliza, "Kipozajoto kizuri kina mapezi mangapi?" mwulize wewe kwanza, "Hewa yako ni ipi?"

Na hewa yetu ni ipi? Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane sana.

Kwanza, sehemu kubwa ya nchi yetu iko juu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Eldoret imepita mita 2,000. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa asilimia 15 hadi 18. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile husukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini ndani yake mna hewa kidogo ya kubeba joto. Wenye kuandika vipimo vya vyumba vya seva wanalijua hilo. Kwa daraja mojawapo la mashine, wameagiza kwamba joto la juu linaloruhusiwa chumbani, nyuzi 35, lipunguzwe kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 900. Kadhalika, ukiirudia kanuni ya mwaka wa 1984 kwa hewa ya Nairobi, utaona kwamba mapezi yasiyo na feni yanataka nafasi pana zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ni kidogo, lakini ni ushahidi kwamba mapezi yanayofaa Mombasa na yanayofaa Nyahururu si lazima yawe pacha.

Pili, kuna joto la hewa yenyewe. Lodwar mchana hufika nyuzijoto 35 na kuzidi. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia juu ya chipu, haina msamaha. Kipozajoto kilichoweka chipu katika nyuzi 75 ndani ya chumba cha nyuzi 22, kitaiweka katika nyuzi 88 ndani ya chumba cha nyuzi 35. Pwani nako hewa ni nzito na nzuri kwa kubeba joto, lakini huja na chumvi inayokula metali.

Tatu, na hili ndilo adui mkubwa, ni vumbi. Barabara ya murram iko pale nje, chaki iko hapa ndani, na madirisha tumeyafungua kwa sababu kiyoyozi hatuna. Muhula uliopita fundi alipoifungua mojawapo ya tarakilishi zilizokuwa zimetengwa pembeni ati zimekufa, kati ya mapezi palikuwa na vumbi lililoshikana likawa kama kipande cha blanketi. Feni ilikuwa ikizunguka kwa bidii, lakini hewa haipiti! Alilitoa kwa brashi na pampu, akaiwasha, na mashine ikafanya kazi hadi jioni. Hakubadilisha chochote kingine.

Enhe, na kabla ya hapo sisi wanafunzi tulikuwa tukisemaje? "Ina virusi!" Tarakilishi ikiwa nzito, virusi. Ikizima ghafla, virusi. Kumbe prosesa za siku hizi zina kipimajoto ndani yake, na joto likizidi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Likizidi kabisa, mashine hujizima. Mgonjwa wa kukosa pumzi tunampa dawa ya minyoo. Simaanishi kwamba virusi havipo, la. Nasema tuangalie mapezi kwanza, kwa sababu kuyaangalia hakugharimu hata shilingi.

Hasara hapa ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwanafunzi wa somo la tarakilishi ambaye mashine yake inazima katikati ya kazi ya mradi anapoteza alama zake. Mzazi anaambiwa achange pesa za kununua mashine mpya, huku ile ya zamani ikitupwa katika lundo la takataka pamoja na risasi na sumu nyingine zilizo ndani yake. Yote hayo kwa sababu ya nafasi za milimita mbili zilizoziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hapa ufa wenyewe tunatakiwa kuuzibua, si kuuziba!

Sasa nijibu hoja za wanaonipinga, maana najua wapo.

Wa kwanza husema, "Tia feni kubwa, maneno yaishe." Sikatai kwamba feni husaidia. Lakini feni ndiyo sehemu inayozunguka, na kinachozunguka huchakaa mapema. Isitoshe, feni kubwa huleta vumbi jingi zaidi, hula stima, na hupiga kelele. Pezi halina kitu cha kuchakaa upesi. Likipangwa vizuri litafanya kazi miaka na mikaka bila kuomba chochote ila kupanguswa.

Wa pili husema, "Tumieni shaba badala ya alumini." Ni kweli shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini. Hata hivyo ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ujazo ule ule, na bei yake ni ya juu. Na kama nilivyotangulia kusema, kikwazo kikubwa kiko katika hewa. Kubadilisha metali huku njia ya hewa imeziba ni sawa na kupanua barabara ya lami inayoishia kwenye daraja la mti mmoja.

Wa tatu, ambaye ndiye ananikera zaidi, husema, "Hayo waachie Wajapani na Wamarekani." Mwaka wa 1981, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Tuckerman na Pease walichonga mapezi madogo mno katika silikoni yenyewe, nafasi kati yake ikiwa elfu hamsini ya... la, niseme kwa usahihi: sehemu 50 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Wakapitisha maji humo, na wakaweza kuondoa wati 790 katika kila sentimita ya mraba. Kumbukeni pasi yetu ilikuwa na wati 5! Mnaona walichofanya? Hawakuvumbua kitu kigeni. Walichukua pezi lile lile na swali lile lile la nafasi, wakaliuliza upya kwa sababu kinachopita kati ya mapezi kilikuwa maji, si hewa. Nasi tuna haki ya kuuliza swali hilo kwa hewa nyepesi, yenye joto na vumbi. Hakuna atakayeliuliza kwa niaba yetu kwa uchungu kama tutakavyouliza wenyewe.

Wala vifaa havituzidi uwezo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji kule Nairobi hukunja na kukata mabati na alumini mchana kutwa. Anayeweza kutengeneza sufuria iliyosimama wima hawezi kushindwa na pezi la milimita 1.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu hapa shuleni petu.

Kwanza, mwanzoni mwa kila muhula, tarakilishi zote zifunguliwe na mapezi yasafishwe. Mashine ichomolewe kwenye stima, msafishaji aguse metali ya kasha kwanza ili umeme tuli umtoke, feni izuiliwe kwa kidole isizunguke, kisha vumbi lipulizwe kwa pampu na kupanguswa kwa brashi laini. Kipozajoto chenyewe kisibanduliwe ovyo, kwa sababu kati yake na chipu kuna krimu maalumu inayojaza vijinafasi vya hewa. Kikibanduliwa, krimu hiyo ni lazima ipakwe upya. Kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wenyewe chini ya uangalizi wa mwalimu.

Pili, tarakilishi zisisukumwe hadi zikagusana na ukuta, wala zisifunikwe vitambaa vya mapambo zinapofanya kazi. Kitambaa kile cha maua kinapendeza macho, lakini kwa mashine ni blanketi juani.

Tatu, na hili nawaomba walimu wetu wa sayansi, tuwe na mradi wa mapezi katika mashindano ya sayansi. Tukate vitako vitatu vya alumini vya sentimita 8 kwa 8. Kimoja tukipe mapezi 5, cha pili 9, cha tatu 17, yote ya milimita 1. Nyuma ya kila kimoja tufunge kizuizi cha umeme cha omu 10 kilichotengenezwa kustahimili joto hilo, tukiunganishe na betri ya volti 12, nacho kitatoa wati 14.4. Tuvisimamishe wima ili hewa moto ipande kati ya mapezi, tungoje nusu saa, kisha tusome kipimajoto. Kwa kanuni niliyoitaja, bila feni, yule wa 9 atawashinda wenzake wote wawili, na yule wa 17 hatakuwa na cha kujivunia mbele ya yule wa 5. Baadaye tuwashe feni tuone mambo yanavyogeuka. Mwisho tunyunyize vumbi la chaki, tupime tena. Hayo matokeo ya mwisho ndiyo ninayoyangojea kwa hamu, kwa sababu ndiyo yatakayotuambia ni nafasi ipi inayofaa chumba chetu sisi, chenye madirisha wazi na ubao wa chaki.

Wapo watakaoniona kuwa nimekuza jambo dogo. Pengine. Lakini nchi haijengwi na mambo makubwa peke yake. Yule atakayejua kupanga mapezi tisa leo ndiye kesho atakayeaminiwa kupoza mitambo ya hospitali, minara ya simu kule Marsabit, na vyumba vya seva ambamo kumbukumbu za taifa zimehifadhiwa. Tusinunue kipozajoto kwa kuhesabu meno yake kama tunavyohesabu meno ya mbuzi sokoni. Tuulize hewa itapita wapi, tena hewa ya hapa.

Kwa hayo machache natia nanga. Mwenye maoni tofauti kalamu anayo na jarida la mwaka ujao lipo. Na aje na hesabu yake.

Wenu katika ujenzi wa lugha na taifa,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili